Kundi Langu la Pikipiki Tatu

Jumatatu, 3 Juni

Balaa! Katibu wa klabu yetu ya mbio za pikipiki za zamani (kazi yake ya kila siku ni kuuza magodoro) ametangaza anapangua makundi yote. Eti makundi saba kwa waendeshaji kumi na wanne ni mzaha, kila mtu anarudi nyumbani na kombe. Kila mtu nani? Mimi sijawahi kurudi na hata kifuniko cha kombe! Sasa yatabaki mawili, na nimetupwa kundi moja na Daktari wa Meno. Yule hunipita huku akinipungia mkono. Kwa upole kabisa. Simpendi.

Mke wangu kajigonga tena ugoko kwenye kikanyagio cha pikipiki yangu, pale sebuleni. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitia hofu. Kasema taratibu: Jumapili hii, siku ya mbio, ama kombe liingie, ama pikipiki itoke, ikakae kwa mama yake, bandani na kuku.

Jumanne, 4 Juni

Sikupata hata lepe la usingizi, lakini nimepata dawa! Daktari wa Meno ameweka shokapu mpya. Basi liundwe kundi la tatu: Pikipiki za Asili. Kila kifaa kiwe cha muundo uleule ambao pikipiki ilitoka nao kiwandani. Yeye nje, mimi ndani!

Jioni kikaoni nikasimama. Nikazungumzia urithi, na wajukuu watakaotuuliza babu zao walipanda nini. Sauti ikatetemeka. Ulikuwa woga, lakini wao wangejuaje? Katibu akafuta machozi. Baadaye nikasikia ana mafua. Hata hivyo kakubali, kwa sharti moja: kundi lisilofika pikipiki tatu halikimbii.

Tatu! Ninayo moja.

Jumatano, 5 Juni

Natafuta washindani wawili, wabovu iwezekanavyo. Wa kwanza kapatikana chapuchapu: kinyozi wangu. Pikipiki yake ni ya asili kwa sababu hajawahi kuigusa, na huzimika kila anapoitazama vibaya.

Wa pili ndiyo kazi. Pikipiki ya asili iliyobaki ni ya mama mkwe. Alikuwa mkunga, akiitumia kwenda kuzalisha wanawake usiku na mchana. Sasa kuku wanatagia kwenye kiti chake. Alitaka kutuzawadia pikipiki hiyo, kuku wakiwa juu yake, siku ya harusi yetu, nikamwambia ahsante, mimi si mfugaji. Leo nimeinama mlangoni kwake na sukari mkononi.

Nikamwomba kwa adabu zote. Akauliza nani ataiendesha. Nikasema yeyote yule, mama yangu, tunataka kutimiza idadi tu. Akasema basi ataiendesha mwenyewe. Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka.

Lakini kuna ubaya gani? Ana miaka sitini na nane na magoti yanamsumbua. Nimeondoka nikipiga mluzi.

Ijumaa, 7 Juni

Siku mbaya. Leo ukaguzi. Mkaguzi wetu ni fundi cherehani mstaafu, jicho lake halikosi uzi. Nikamnong'oneza akaze kweli, achunguze hadi msumari, maana kuna watu humu ndani (nikamtazama Daktari wa Meno) wanaweza kutaka kujipenyeza. Akanishukuru. Akasema ataanza na yangu.

Gurudumu la mbele si lenyewe! Fundi wangu aliweka la aina nyingine mwaka ule nilipogonga geti letu. Nilisahau kabisa. Mkaguzi akasema kanuni ni kanuni, na kanuni ni yangu. Nikaanza tena habari za urithi. Sauti ikatetemeka kweli kweli, hakuna aliyefuta chozi.

Aliyeniokoa? Daktari wa Meno! Meno yote nje, akasema ana gurudumu la asili la pikipiki kama yangu stoo kwake. Akalileta. Akapiga magoti akalifunga kwa mikono yake, akanitakia kila la heri. Sasa namchukia zaidi.

Ya mama mkwe imepita bila doa. Mkaguzi alisita kwenye manyoya tu, akaamua hayakutoka kiwandani, yakang'olewa.

Jumapili, 9 Juni

Nitaandika haraka kabla moyo haujabadilika.

Bendera ikashuka. Kinyozi akabaki mstarini anapiga kiki, pikipiki haiwaki. Mimi mbele! Mzunguko wa kwanza, niko mbele. Wa pili, niko mbele. Nikamwona mke wangu kwenye kamba, nikampungia mkono kama Daktari anavyonipungiaga. Loo, utamu ulioje!

Ndipo nikasikia tu-tu-tu nyuma yangu. Pole pole, haina papara. Nikageuka. Mama mkwe! Ndani ya koti lake la kazini, mkoba wa mkunga mgongoni! Akanipita kwa ndani kwenye kona, akailaza pikipiki kama mtu aliyezoea kuitwa kwa dharura. Akaniambia, mwanangu, shika usukani kwa mikono miwili. Kisha hayupo.

Nikafungua mafuta yote. Nikaishia kwenye matairi yaliyopangwa pembeni mwa njia, nikajikwamua nikamaliza kwa kuchechemea.

Kombe limechukuliwa na Mkunga. Vigelegele vya kwanza vilikuwa vya mke wangu! Mimi wa pili kati ya watatu, na Kinyozi mpaka jua linazama alikuwa anapiga kiki.

Jumatatu, 10 Juni

Nilijaribu kumweleza mke wangu kwamba kombe limeingia kwenye ukoo, kwa hiyo sharti limetimia. Akasema ni kweli, limeingia, na ndiyo maana sebule inahitaji nafasi. Mama yake anahofia kuku wataichafua pikipiki ya ushindi. Sasa imesimama palepale ilipokuwa yangu, kombe juu ya kiti. Nikauliza, na ugoko wako je? Akanijibu kwamba vikanyagio vya ile vinakunjika.

Yangu nimeisukuma mwenyewe hadi bandani. Kuku hawakungoja hata niifute. Mmoja mweupe akapanda kwenye tangi akanitazama. Nililia kidogo, sifichi. Miaka yote ile naipaka nta!

Halafu, nikiwa bado na chozi shavuni, likanijia. Katibu anasema bado kuna nafasi ya kundi la nne. Pikipiki Zinazolala na Kuku! Nimeulizia klabu nzima. Iko moja tu, ni yangu! Safari hii hakuna wa kunizuia.

Tatizo ni hilo sharti la pikipiki tatu. Kinyozi tayari ana bata, tutabishana kama bata ni kuku. Kesho asubuhi namzawadia Daktari wa Meno jogoo na matetea wawili, walale na pikipiki yake.