Kizazi cha Mkurugenzi

Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, Idara ya Vibali vya Mabango iliwatangazia watumishi wake thelathini na wawili kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtu atakayeruhusiwa kuwa na umri wake ovyo ovyo. Kila mmoja angepangiwa kizazi. Tangazo lilisomwa na Mkurugenzi mwenyewe, mtu mwenye nywele nyeusi kuliko wino wa mhuri. Utekelezaji ukakabidhiwa kwa afisa utumishi ambaye ofisi nzima ilimwita Waraka, kwa kuwa hata kikohozi chake kilikuwa na kumbukumbu namba.

Waraka aliupokea wadhifa wa Mratibu wa Vizazi kwa mikono miwili. Miaka kumi na miwili alikuwa akihesabu likizo za watu. Sasa amepewa watu wenyewe. Akafungua mafaili, akatazama miaka ya kuzaliwa, na kufikia Jumatano kazi ilikuwa imekwisha. Waliotimiza hamsini na kupanda wakawa Kizazi cha Msingi. Walio chini ya thelathini na tano wakawa Kizazi cha Kasi. Waliobaki katikati, naye akiwemo, wakawa Kizazi cha Daraja.

Mwongozo wa kurasa arobaini ulieleza namna ya kuishi na kila kizazi. Kizazi cha Msingi kilipewa mito ya kukalia. Kizazi cha Kasi kisiandikiwe ujumbe unaozidi maneno sita, na kisifiwe kila baada ya saa mbili, hata kama hakuna kilichofanyika. Kizazi cha Daraja hakikupewa kitu, maana kazi ya daraja ni kukanyagwa.

Ukaguzi wa kwanza ulibaini kasoro: vizazi vilikuwa vikichanganyikana bila kibali. Hali ilikuwa mbaya zaidi masijala, kwenye chumba cha mafaili. Humo alikaa mama mmoja wa miaka hamsini na tisa, Bi Masijala, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, pamoja na binti wa miaka ishirini na sita, Dada wa Kompyuta. Mama alijua kila faili lilipo hata umeme ukikatika. Binti aliujua mfumo kama kiganja chake. Walikaa meza moja, mama akisoma, binti akibofya, huku wakiwateta wakubwa na kula kwenye bakuli moja, na kibali kikatoka kwa siku mbili.

Waraka aliwaeleza kwa upole kwamba huo haukuwa ushirikiano wa vizazi, kwa sababu haukuratibiwa na mtu. Akasimamisha ukuta wa mbao katikati ya chumba. Kisha, ili kuwaunganisha, akawapangia kikao cha dakika kumi na tano kila Alhamisi, chenye mwezeshaji.

Kibali kikaanza kuchukua wiki tano. Kinyozi mmoja aliyeomba kibao cha duka lake jipya alikuja mara saba, mpaka akaambiwa ombi lake liko safarini kati ya Msingi na Kasi. Akajibu kwamba yeye hajui vizazi, anajua vichwa, na vichwa vyenyewe vinapita mlangoni kwake vikienda kwa jirani. Waraka akaandika kuwa mdau ameonyesha hamasa.

Mkurugenzi alipoona kazi imelala, hakupata shida kujua mchawi ni nani: ni wazee. Akaagiza watumishi wote tisa wa Kizazi cha Msingi wahamishiwe, kwa heshima, kwenye Ghala la Kumbukumbu nje kabisa ya mji. Ghala lenyewe halikuwa na dirisha. Uhamisho ungetangazwa Ijumaa, kwenye hafla, mbele ya Katibu Mkuu wa wizara.

Bi Masijala alipopewa barua yake aliisoma, akaikunja mara nne, akauliza jambo moja tu: huyu mtoto atafundishwa na nani? Waraka alilitafuta swali hilo kwenye kurasa zote arobaini za mwongozo, hakulikuta. Mchana ule, akipita masijala, akasikia minong'ono kwenye upenyo wa mbao. Binti alikuwa akiuliza faili la kinyozi liko wapi, na mama akimjibu: rafu ya tatu, nyuma ya ndoo. Ilikuwa ni mawasiliano haramu. Waraka akapita kwa kunyata, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake hakuandika kitu.

Akarudi kumalizia taarifa ya hafla. Kilibaki kipengele cha mwisho, "Kiongozi Kama Kielelezo". Akafungua faili la Mkurugenzi. Umri: miaka arobaini na mitano. Muda kazini: miaka thelathini na sita. Akatoa muda kwenye umri, akatoa tena, jibu likawa lile lile. Mtu mwingine angelishuku faili. Waraka aliyaamini mafaili kuliko alivyoyaamini macho yake, basi akaandika kilichokuwemo.

Ijumaa aliisoma taarifa mbele ya wote. Katibu Mkuu, mama mmoja mwenye miwani aliyekuwa ameanza kusinzia, akainua kichwa.

"Rudia hapo."

"Mkurugenzi wetu," Waraka akarudia kwa fahari, "aliajiriwa akiwa na umri wa miaka tisa. Miaka miwili baadaye akapandishwa cheo."

Katibu Mkuu akamgeukia Mkurugenzi.

"Kwani wewe ulizaliwa mwaka gani?"

Mkurugenzi alifikiri. "Inategemea, mheshimiwa, mwaka huo unatakiwa kwa matumizi gani."

Katibu Mkuu akamwambia kwamba njia ni mbili: ama idara ilimwajiri mtoto aliyepaswa kuwa darasani, ama kuna mtu amejirudisha utotoni kwa kalamu. Mkurugenzi akaomba iundwe kamati ya kuchunguza kuzaliwa kwake. Katibu Mkuu akataka kujua wajumbe watatoka wapi, maana jambo kama hilo linamtaka mtu aliyekuwepo.

Bi Masijala akanyoosha mkono. Alisema hapendi kuingilia mambo ya wakubwa, ila yeye na Mkurugenzi walisoma shule moja.

"Mimi nikiwa la nne, yeye alikuwa la saba. Alikuwa kiranja mkuu. Tukichelewa, anatuchapa."

Waraka akapiga hesabu pembeni mwa karatasi. Sitini na miwili. Faili lilikuwa limemdanganya, naye akasimama kidogo kama mtu aliyefiwa. Kisha utaratibu ukamrudia. Akatangaza kwamba, kwa mujibu wa mwongozo, Mkurugenzi ni wa Kizazi cha Msingi, na anahamia ghalani pamoja na wenzake tisa.

Katibu Mkuu akasema ghalani haendi mtu. Wale tisa wabaki mezani kwao. Wa kumi aende nyumbani. Alitakiwa awe huko miaka miwili iliyopita.

Alasiri hiyo Waraka aliazima nyundo akaenda kuubomoa ukuta wa masijala kwa mikono yake. Hakuwa fundi, alijigonga kidole mara mbili. Dada wa Kompyuta akamsifu, ingawa saa mbili za mwongozo zilikuwa hazijatimia. Kibali cha kinyozi kilikuwa tayari mezani, kikisubiri mhuri.

Mkurugenzi akapita na boksi la vitu vyake. Akasimama mlangoni, akamtazama Bi Masijala kwa uchungu.

"Miaka yote hii umenijua. Mbona hukuwahi kusema?"

Bi Masijala akainuka, akamshikia boksi upande mmoja.

"Nilidhani umesahau, kaka," alisema. "Umri ukienda, mtu husahau."