Wiki Niliyoiamsha Kompyuta ya Binti Yangu

Jumatatu, 9 Juni

Daftari, salamu nyingi. Sijui wenye shajara huanzaje, mimi naanza ninavyojua. Baada ya salamu, sisi huku ni wazima. Baba watoto mzima, ila goti linamsumbua na hataki aulizwe. Mama mkwe mzima, meno machache lakini ulimi umetimia. Binti yangu mzima wa mwili, moyo ndio hauna raha. Paka mzima, ameshiba. Cherehani yangu nzima, namshukuru Mungu. Mgonjwa humu ndani ni mmoja tu, nayo ni kompyuta ya binti.

Tunaiita Kobe. Ukiiwasha unaweza kuchemsha maji, ukaoga, ukavaa, ukarudi, bado inajikuna. Binti anasomea kuchora ramani za majengo. Kazi yake ya mwisho ya mwaka huu ni ramani ya soko. Imo humo ndani, na inatakiwa Jumatatu ijayo. Leo alichora ukuta asubuhi. Ukatokea mchana.

Sasa balaa. Shangazi kaja. Ni dada wa baba watoto, lakini nyumba nzima tunamwita Shangazi, hata baba watoto mwenyewe akisahau. Kasema kwake kuna kompyuta mpya, chumba kitupu, na utulivu. Hilo la utulivu kalisema akiitazama cherehani yangu! Ijumaa anakuja kumchukua binti, akae kwake mpaka amalize chuo. Binti hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Tutaona, Shangazi." Naijua "tutaona" ya mwanangu. Ni ndiyo yenye haya.

Chuo chenyewe bado mwaka mzima! Na meza yetu je? Upande huu nakata vitambaa, upande ule anachora. Yeye huazima chaki yangu, mimi rula yake. Shangazi ana chaki?

Nimeamua. Hatoki mtu. Niliishia darasa la tano, sawa, lakini cherehani hii niliwahi kuifungua yote nikaifunga mwenyewe, na inashona. Skrubu moja ilibaki. Haijadaiwa mpaka leo.

Jumanne, 10 Juni

Binti kaondoka na wenzake wa chuo kwenda kupima viwanja. Atarudi Ijumaa. Mlangoni kaniambia, "Mama, tafadhali, kompyuta usiiguse." Nikamjibu kwamba mimi nina kazi zangu. Sikusema uongo. Kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Nikamtia Kobe kapuni, nikamfunika vitambaa, nikaenda kwa fundi kompyuta, pale karibu na kinyozi. Njiani jirani kauliza nakumbatia nini hivyo. Nikasema mayai. Akataka kununua! Nikasema mabovu. Kesho mtaa mzima utajua nazunguka na mayai mabovu.

Fundi ana miwani mbili, moja machoni, nyingine kwenye paji la uso. Kafungua, kachungulia. Kasema mashine haina neno. Tatizo ni diski yake ya SSD, ndiyo ghala la kazi zote, ndogo, ya zamani, imejaa hadi kwenye kope. Atatia mpya kubwa, na kila kitu cha binti atakinakili, hautapotea hata mstari. Nikauliza kama itaumia. Alicheka mpaka miwani ya juu ikamshukia ya chini.

Malipo ni mapazia. Jua linampiga machoni pale dukani. Mimi nishone, yeye afungue.

Diski ya zamani kanikabidhi mkononi. Kaniambia niitunze, isiguswe, mpaka binti mwenyewe ahakikishe kazi yake ipo. Nimeiweka kwenye kopo la vifungo. Humo hakuna mtu anayetia mkono ila mimi.

Jumatano, 11 Juni

Loo! Kobe amekuwa swala! Unabonyeza, imeshawaka. Nimemwita mama mkwe aone. Katazama, kauliza kama ina mbio hivyo mbona chai bado.

Nikaenda kuchemsha chai. Kurudi, kioo cheusi. Nikakumbuka fundi alisema ukiiacha italala yenyewe. Vizuri, pumzika. Nikanywa chai. Nikabonyeza iamke. Kimya. Nikafunga kifuniko, nikafungua. Kimya. Kitaa kidogo ubavuni kinapepesa, kwa hiyo iko hai, ila haitaki mtu. Nikaipepea na gazeti. Baba watoto kasimama mlangoni, kasema, "Umeiua," kisha akaomba gazeti lake.

Nikampigia fundi. Kaniambia nishikilie kitufe cha kuwashia bila kukiachia mpaka izime kabisa, kisha niwashe upya. Ikawaka! Lakini kasema itarudia. Diski za namna hii zina ugonjwa huo, zikilala haziamki, na dawa yake ataileta kesho. Kwa leo isilale tu.

Isilale vipi? Kasema ukitikisa kile kipanya chake cha mkononi, inajua kuna mtu.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Nimekifunga kipanya juu ya cherehani kwa utepe! Nikishona, cherehani inatetemeka, kipanya kinatetemeka, kompyuta macho. Nani kasema nilikosa shule? Ila sasa siwezi kuacha kushona. Mapazia ya fundi yamekwisha. Nikashona mito ya viti. Nikashona suruali ya baba watoto ambayo haikuwa imechanika. Kauliza mguu mmoja umeenda wapi.

Alhamisi, 12 Juni

Fundi kaja kufuata mapazia. Kaona kipanya juu ya cherehani. Kavua miwani moja, kavua na ya pili. Kasema katika kazi yake hajawahi.

Kisha kaeleza. Ndani ya diski mna programu ndogo iliyotiwa kiwandani. Hiyo ndiyo inayoiambia diski ilale vipi, iamke vipi. Ya kwetu imepitwa na wakati, na waliotengeneza wametoa nyingine. Kachomeka flashi yake, kabonyeza, mstari mweupe ukaanza kutambaa kwenye kioo. Kasema programu ikiwa inaingia, mashine isizimwe, isifungwe, isisogezwe. Betri ya Kobe ilikufa zamani, pumzi yake yote iko kwenye waya wa ukutani. Kauliza kama nimeelewa. Nikamwambia ndiyo, mara mbili. Akaondoka, mteja alikuwa anampigia kelele kwenye simu.

Nikakaa nikautazama mstari. Mstari hauna haraka. Nikapata wazo. Muuza duka wa kona ndiye redio ya mtaa. Nikimpasha leo kwamba kompyuta yetu inaruka kuliko ya watu fulani, kesho Shangazi atazikuta habari njiani, hata kabla ya kubisha hodi. Atageuza! Nikajifunga vizuri, nikatoka.

Sasa, mimi, tangu pasi ilipotoboa meza, sitoki humu ndani bila kuchomoa plagi zote. Mkono unajiendea wenyewe. Pasi, redio, taa ya cherehani, chwa, chwa, chwa. Nikafunga mlango. Nikaenda zangu na raha zangu.

Dukani nikamwaga habari. Muuza duka kasikiliza mdomo wazi. Kauliza, na hivi sasa inafanya nini? Nikamjibu kwa maringo kwamba inatiwa programu, iko kwenye waya wa uku...

Neno likakwama. Nilikimbia. Ndala moja iko dukani hadi sasa.

Kioo cheusi. Nikachomeka, nikawasha. Yakaja maneno, nikamsomea fundi kwenye simu herufi moja moja. Yanasema hakuna diski. Fundi kauliza mara mbili kama nimesoma sawa. Kisha kwa sauti ya chini, kama anayeongea na mfiwa, "Mama, nani kachomoa?" Nikasema mkono.

Kaja kaichukua diski mpya, kaondoka nayo. Nikalia kidogo. Mama mkwe kaniletea maji. Nikamwambia binti anaenda, na safari hii nimemfungia mizigo mwenyewe. Kasema, "Kunywa maji, mwanangu. Mguu wake haujatoka bado." Kisha kasema nikimaliza kulia nimrudishie kikombe, ni chake.

Ijumaa, 13 Juni

Fundi kagonga mapema, macho mekundu. Nikajua msiba. Kumbe sivyo! Diski haikufa, ilizimia. Kwake imeonekana tena, ila umeme wa mtaa wao umekatika, kwa hiyo programu atairudia hapa kwetu, kisha atanakili upya kazi ya binti kutoka diski ya zamani. Iko wapi? Nikamwaga kopo la vifungo mezani. Ile pale, kati ya zipu na vifungo vya koti. Kaipangusa, kasema hii ndiyo iliyokuokoa.

Mstari ukaanza kutambaa tena. Fundi kasahau waya wa kunakilia, kalazimika kurudi dukani. Kaweka kigoda mbele ya plagi, kaniketisha. Kasema nisiondoke hata nyumba ikisogea.

Nikakaa. Mikono nimeikalia.

Hodi! Shangazi. Na sanduku kubwa, tupu, la nguo za mwanangu! Hakusalimia vizuri. Simu yake imezima, anataka kumpigia binti amuulize kafika wapi. Kaiona plagi. Nyingine iko nyuma ya kabati. Kasema, "Hebu toa hilo dude lenu mara moja." Nikasema haiwezekani. Kasema ni dakika tu. Nikasema hata nusu yake. Kanyoosha mkono. Nikashuka kigodani, nikalala chini, tumbo juu ya waya, kichwa ukutani. Mama mkwe kamwambia bintiye, "Mwache, yuko kazini." Shangazi kasema kaka yake aliambiwa mapema asioe huku. Baba watoto kasikia, kajifanya goti linamuuma.

Hapo hapo binti kaingia. Vumbi hadi kwenye nyusi. "Mama, unafanya nini sakafuni?"

Nikamwambia yote, hapo hapo chini. Mayai, kipanya, plagi, ndala. Nikamwambia soko lake liko kwenye kopo la vifungo. Mimi namwangalia viatu tu, juu siwezi. Kisha kaweka begi, kaketi sakafuni upande wa pili wa waya, kamwambia Shangazi, "Hapa hapiti mtu." Alikuwa anacheka! Machozi na vumbi pamoja.

Mstari ukafika. Fundi karudi, kanakili. Binti kafungua ramani, kahesabu vibanda vya soko lake, vyote vipo, hata choo. Fundi kafunga kifuniko. Kobe kalala. Tukasogea wote. Kafungua.

Kaamka! Palepale! Mama mkwe kapiga kigelegele, paka katoka mbio.

Binti kamshika Shangazi mikono yote miwili. Kamshukuru sana kwa chumba. Kasema lakini kwake ni kimya mno, yeye akisikia kimya hachori, kazoea kelele ya cherehani. Nikageuka nikatazama dirisha. Shangazi kasema haya, kila mtu na masikio yake. Sanduku halikutoka tupu, nimemjazia mito ya viti. Ipo mingi.

Jumapili, 15 Juni

Binti kaenda kwa mwenzake kuchapisha ramani. Kabla hajatoka kanibusu, kaniapisha nisiguse kompyuta yoyote tena. Nikaapa. Juzi fundi naye kaniapisha. Nimeapa vizuri kote.

Mchana kaja Shangazi. Mpole! Kumbe kompyuta yake mpya, aliyokuja nayo kwapani, imelala tangu jana, haiamki. Kaomba namba ya fundi. Namba tu.

Jamani, ningefanya nini? Nikamwambia fundi wa nini, na mimi nipo. Nikamketisha barazani, nikamtengea chai. Flashi ya fundi ilikuwa bado dirishani, kaisahau. Dawa iliyomponya Kobe itashindwa na hii? Diski ni diski.

Nikashikilia kitufe kama fundi alivyonifundisha, nikaiwasha upya, nikachomeka. Ikaniuliza swali refu. Nikabonyeza ndiyo. Ikasema diski hii si ya aina ile, je, nina hakika? Nikaona inanidharau. Ndiyo! Ikauliza mara ya tatu. NDIYO!

Sasa kioo cheusi. Feni inalia kama nyuki. Nilifungua tumbo lake kwa kisu cha mboga nipunguze joto, nina skrubu saba kwenye sahani na sikumbuki ipi ya wapi. Shangazi kauliza kutoka nje kama tayari. Nikamjibu bado kidogo, nikamtumia na kikombe cha pili.

Ujumbe niliomtumia fundi ni huu:

"Fundi, salamu. Mimi mzima, baba watoto mzima, mama mkwe mzima, binti mzima anakusalimu, Kobe mzima. Nakuuliza jambo dogo kwa ajili ya mtu mwingine kabisa, humjui. Mtu huyo akitia dawa ya diski moja kwenye diski nyingine, kisha feni ikalia, afanye nini kwanza? Nijibu upesi, fundi wangu. Upesi sana. Chai inaisha."