Mpaka Kiputo Kikae Kati

Khattab, aliyeitwa Redio na wenzake, alisoma habari kwenye simu kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

"Karibu na Sur, gari-nyumba limefunguliwa chumba chake cha ubavuni, kile cha kusukumwa nje, nalo limeinama. Chumba kimekataa kurudi. Mwenyewe karejea mjini sebule iko nje."

"Na mkewe?" aliuliza Marhun.

"Hakutajwa."

"Basi keshaondoka," alisema Ghanim, karani mstaafu aliyeitwa Injinia.

Kijiwe chao kilikuwa Firq, Oman, penye duka la chai. Alhamisi ile walikuwa wamekihamishia mlimani Jabal Akhdar, ndani ya gari-nyumba jipya la Marhun. Bi Ghaliya, mkewe, alikuwa njiani na kaka yake. Bibi huyo ana maradhi ya kizunguzungu. Alikuwa amempa Marhun usiku mmoja: kitanda kikiinama, Jumapili gari linauzwa.

"Injinia, ongeza ubao gurudumu la kushoto," alisema Marhun.

"Nimeweka mbao nne, yakhe. Wa tano ni mlango wa kabati lako."

Marhun aliinamia pimamaji. Kiputo cha hewa ndani yake bado kilikuwa kimekimbilia kulia.

"Wewe fungua chumba tu," alisema Redio. "Litakaa sawa lenyewe."

"Si umesoma habari sasa hivi?"

"Nimesoma. Sikusema nimeamini."

Wakachoka, wakaingia ndani kunywa kahawa. Redio na Injinia wakajibwaga kwenye kiti kirefu cha upande wa kulia. Marhun akatupia jicho pimamaji mezani. Kiputo kimetulia katikati! Akabonyeza kitufe. Chumba kikatoka taratibu mpaka mwisho.

Redio akainuka. Kiputo kikakimbia.

"Kaa!"

"Nna haja, Marhun."

"Kaa nayo."

Mlango ukagongwa. Bi Ghaliya akaingia na mkoba wake. Wazee wakamwamkia kwa adabu, wamekaa vile vile.

"Toka lini nyinyi hamumwinukii mtu?"

Bi Ghaliya akaenda kitandani, akajinyoosha, akafumba macho. Marhun akahesabu pumzi zake.

"Pametulia," alimwambia mumewe mwishowe. "Hapazunguki. Nitalala, Baba Asaad."

Marhun akageukia dirisha, akapangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Sasa waage wenzio," alisema Bi Ghaliya.

Hakuna aliyetikisika.

"Hawa wana nini?"

"Hawa," alisema Marhun, "ni sehemu ya gari."

Bi Ghaliya akawatazama mmoja mmoja.

"Wanakoroma?"

"Injinia tu," alisema Redio.