Vita vya Mabirika

Jumatatu, 3 Machi

Itambulike rasmi, mbele ya kaunta hii na mende aliye juu yake, kwamba leo duka langu limeingia mtandaoni. Nimejiandikisha kwenye tovuti ya kulinganisha bei. Mteja anaandika "birika la umeme", tovuti inapanga maduka yote foleni, mwenye bei ndogo mbele. Haki tupu! Nikajitafuta. Nikashuka, nikashuka, kidole kikachoka. Niko chini ya mtu anayeuza birika lisilo na mfuniko. Wa kwanza juu kabisa: Bwana Meno, jirani wa ng'ambo ya barabara, mtu anayecheka hata akipishana na jeneza.

Mke wangu hana habari na foleni. Ni fundi cherehani, anashonea kwenye ujia wa nyumbani, wateja wanapimwa viuno mlangoni mwa choo. Amesema Jumamosi ndiyo mwisho: mabirika yakiwa bado yamejaa dukani, yanatoka, cherehani inaingia. Nikamwambia duka la mwanamume ni heshima yake. Akauliza hiyo heshima iliuza nini wiki iliyopita.

Jumanne, 4 Machi

Nimeshusha bei. Wa kwanza! Nikasimama nje ili Bwana Meno anione. Chai haijapoa, naye kashuka. Nikashuka. Akashuka. Mchana akavuka barabara kunijulia hali: jirani, unaumwa? Mbona umekonda ghafla kama bei zako? Wateja wake wakacheka. Mmoja wao ni mjomba wangu! Undugu ni kufaana. Naona hao wameshafaana.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua silaha! Tovuti ina kitufe: bei ijishushe yenyewe, ikae daima senti moja chini ya muuzaji wa chini kabisa. Pembeni kuna kisanduku cha kuandika bei ambayo haitakiwi kushuka zaidi ya hapo. Nimekiacha kitupu. Kisanduku cha waoga.

Kisha wazo la pili, tamu kuliko la kwanza. Kwa nini nisimame kwenye foleni mara moja tu? Nimefungua duka lingine kwa jina na simu ya shemeji, kaka wa mke wangu. Akauliza kama hili ni jambo la polisi. Nikamwambia ni jambo la akili. Akasema basi ndiyo anaogopa zaidi. Duka hilo nalo nimeliwekea kitufe kilekile. Bwana Meno anapigwa pande mbili! Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeanza kuota upara.

Baada ya chakula nilijilaza nyuma ya kaunta, kichwa juu ya boksi. Kuamka, simu inatetemeka kama ina homa. Oda! Oda! Nikapiga magoti kushukuru. Nikiwa hapohapo magotini nikasoma bei. Birika zima, na waya wake, kwa bei ya kiberiti.

Kumbe Bwana Meno alijitoa vitani tangu asubuhi. Waliobaki mbele ya foleni ni mimi na mimi. Duka langu likashuka chini ya la shemeji, la shemeji likashuka chini ya langu, na mwenye maduka anakoroma. Nikawapigia wenye tovuti. Binti mwenye sauti ya asali akasema bei umeiweka mwenyewe, baba, peleka mzigo, la sivyo tutamfuata mwenye simu. Mwenye simu ya duka la pili ni shemeji! Nikalia kwamba mshindani wangu kanihujumu. Akaomba jina la mshindani. Nikakata.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepeleka mzigo. Safari fupi kuliko zote maishani: anwani ni ng'ambo ya barabara. Oda zote ni za Bwana Meno. Alinishikia mlango, akasema karibu tena jirani, wewe mkarimu sana. Sijamaliza kuvuka kurudi, mabirika yangu yako dirishani kwake kwa bei yangu ya Jumatatu. Mjomba anayafuta vumbi.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu kaja kukagua. Rafu tupu. Nikamkumbusha haraka masharti: mabirika yamekwisha, duka linabaki langu. Alikuwa ameshaongea na kaka yake. Hakupiga kelele, heri angepiga. Akauliza taratibu: sasa, baba watoto, utauza nini? Cherehani imewekwa palepale nilipokuwa nikilala. Mimi nitashona vifungo.

Jumatano, 12 Machi

Juzi nilitumwa kununua vifungo vya sare za shule; sare zinatakiwa Ijumaa. Mke wangu alisema niende duka la kona, nivishike kwanza kwa mkono. Kwa mkono! Karne hii! Nikafungua tovuti, nikamchukua wa kwanza kwenye foleni. Bei ya kuokota. Mahali fulani kuna mpumbavu anajifilisi, na safari hii mpumbavu huyo si mimi. Nikaagiza gunia zima.

Vimefika leo. Havina matundu.