Wati Kumi na Nane

Jumatatu, 4 Machi

Amplifaya ya Bi Nyuzi imeingia karakana yangu! Ile ya valvu, chupa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa, nzito kama jiwe la kusagia. Ameibeba mpiga ngoma wa bendi yao, jitu la mabega mapana, akaitua mezani kwa mkono mmoja. Kujionyesha tu. Bi Nyuzi ndiye mpiga gitaa wa bendi ya mtaani kwetu. Mwaka mzima namtazama akipita upande wa pili wa barabara. Leo amesimama hapa hapa, ameniita fundi, amesema onyesho ni Jumamosi alasiri.

Ugonjwa: valvu moja imekufa. Nimeibadilisha kabla chai haijapoa. Nikapima. Volti za ndani mia nne na ushee, sawasawa. Nguvu, wati kumi na nane, sawasawa. Imepona kabisa. Balaa! Mtu akishachukua kitu chake kizima, arudi kufanya nini?

Jumanne, 5 Machi

Nimempelekea ujumbe: nguvu imeshuka, wati sita tu, inataka kubembelezwa. Na kuipima kunahitaji sauti moja isiyotetereka, hivyo aje na gitaa. (Kuna kifaa cha kutoa sauti hiyo. Nimekifunika gunia.)

Amekuja! Wakati wa kupima, spika huchomolewa, mahali pake hufungwa rezista nene inayoimeza sauti yote ikawa joto. Valvu haziwashwi bila spika au rezista, transfoma itaungua. Basi Bi Nyuzi anapiga, chumba kimya, nasikia nyuzi tupu kama mbu, na sindano ya mita inapanda. Volti kumi na mbili. Zizidishe kwa zenyewe, gawanya kwa nane, yaani ukinzani wa rezista: wati kumi na nane. Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Nikamwambia saba.

Alhamisi, 7 Machi

Jana wati tisa. Leo kumi na moja. Ameuliza mbona mita nimeishika kichwa chini. Nikasema ni umeme. Nilitamani kuirudisha spika nisikie anachopiga.

Dada yangu, ninayeishi kwake, alichungulia, akatutazama wote wawili, akaniambia pembeni kwamba njia ya mwongo ni fupi. Dada hana mapenzi na elimu. Kisha mpiga ngoma akaja kumchukua Bi Nyuzi, eti fundi wa sokoni hupima mara moja tu. Nikamjibu kwamba haraka haraka haina baraka. Nitamkomesha yule.

Ijumaa, 8 Machi

Sina ujanja, onyesho ni kesho. Nimetangaza wati kumi na nane! Bi Nyuzi amepiga makofi, akaondoka nayo. Karakana imekuwa pana mno. Kiti alichokalia sijakisogeza.

Lakini penye nia pana njia. Waya wa spika niliulegeza kidogo kabla sijamkabidhi. Ngoma ikitikisa jukwaa utachomoka. Kimya! Watu wanahaha. Mimi safu ya mbele, bisibisi mfukoni, naruka jukwaani, naurudisha kabla transfoma haijapata habari. Bi Nyuzi hatanisahau.

Jumamosi, 9 Machi

Mlinzi wa mlangoni ameniuliza mimi ni nani. Nikasema fundi. Akasema leo kila asiye na tiketi ni fundi. Tiketi! Mwokozi wa onyesho apange foleni? Nimepanga. Ngoma imeanza mimi bado kwenye dirisha la tiketi. Waya ulitii: nilikisikia kimya kile nikiwa nje. Nilipoingia, moshi. Mpiga ngoma ameshachomoa plagi, na watu wanamshangilia. Kwa kuchomoa plagi!

Bi Nyuzi aliazima gitaa kavu, lisilotumia umeme, akakaa ukingoni mwa jukwaa, akapiga. Siku zote zile nilikuwa nasoma sindano tu. Nilisimama nyuma kabisa, bisibisi mkononi, nikatamani wimbo usiishe. Uliisha.

Jumatatu, 11 Machi

Bi Nyuzi ameileta amplifaya mwenyewe kwa toroli. Nikamuulizia mpiga ngoma, kijanja. Amesema yule ni shemeji yake, mume wa mdogo wake, na leo mgongo unamuuma. Nimefurahi, Mungu anisamehe.

Aliutazama waya wa spika. Akanitazama mimi. Nikajiandaa kwa matusi, hakutukana. Alisema taratibu:

"Fundi, mimi ningekuja hata kama hakuna kilichoharibika."

Kisha akakalia kile kiti, kana kwamba zamu ni yangu. Neno nilikuwa nalo, limefika mdomoni kabisa. Nikamwambia transfoma mpya inataka vipimo vyote upya, tutaanzia wati mbili.

Akasubiri kidogo mlangoni. Akaaga, akaenda zake.

Mpango safi sana! Tukipanda wati moja kwa siku, ni wiki mbili na ushee. Katika muda wote huo sitakosa hila ya kumfanya apende kuja hapa.