Koti la Mzee Nongwa

Jumatatu, 3 Februari

Nakiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama: Mzee Nongwa ni mimi.

Ndiyo. Yule mzee anayetuma ujumbe redioni kila asubuhi, ambaye mtangazaji akimsoma hushindwa kuendelea kwa kicheko, hana mvi wala mkongojo. Ana miaka kumi na minane, alimaliza shule mwaka jana, na anapiga pasi kwenye duka la Mama Fundi. Kwa kusimama!

Sikuanza kwa nia mbaya. Mimi nikisema kitu hakuna anayesikia. Sauti huishia shingoni. Wiki iliyopita habari zilisema wabunge wanataka kuongezewa posho ya kukaa. Kukaa! Yaani juu ya mshahara, mtu analipwa kwa kuweka makalio kwenye kiti! Nilimwambia Mama Fundi kwamba hiyo ni dhuluma. Akaniambia niangalie kola, siasa si ya watoto. Nikaingia stoo, nikaandika maneno yale yale, nikaweka jina Mzee Nongwa, nikatuma. Yakasomwa. Mama Fundi akasimamisha cherehani asikie vizuri. Akasema huyo ndiye mtu mzima, laiti vijana wa siku hizi wangekuwa na nusu ya akili yake.

Alikuwa ananitazama mimi!

Jumanne, 4 Februari

Hali ya duka, ili haki itendeke. Kuna cherehani tatu. Moja ya Mama Fundi. Moja ya Bibie, mtoto wa kaka yake, ambaye hushona pindo moja kisha hupuliza kucha. Ya tatu iko pembeni, imefunikwa shuka. Ilikuwa ya marehemu mume wa Mama Fundi, na hataki iguswe. Kwenye kiti cha cherehani hiyo Bibie huweka mkoba wake. Mkoba umekaa, mimi nimesimama!

Kushona najua. Suruali naanza mpaka namaliza. Ninachotaka duniani ni cherehani ile na kiti chake, basi. Lakini kuomba siwezi. Leo nilijaribu. Nilijipanga, nikafika mbele ya Mama Fundi, nikafungua mdomo, nikaomba chaki.

Kwa hiyo Mzee Nongwa ataniombea. Mpango hauna kasoro.

Jumatano, 5 Februari

Mzee ameandika hivi: wabunge wanalipwa kwa kukaa, huku vijana wenye ufundi wamesimama madukani na viti vipo, kila mwenye kiti kitupu amkalishe kijana, ndipo tuwe na uso wa kuwasema wabunge. Mtangazaji alisoma mara mbili. Mama Fundi akapiga makofi. Akasema kweli kabisa, vijana wetu wanaonewa. Akainuka. Akautoa mkoba kwenye kiti. Akakibeba kiti, akanipita, akampelekea Bibie aegemeze miguu, maana maskini tangu asubuhi inaning'inia tu.

Nimeunguza kola ya mwalimu mstaafu. Wabunge na Bibie, lao moja!

Ijumaa, 7 Februari

Mambo yameharibika. Mama Fundi naye ametuma ujumbe redioni, akataja na duka. Anamkaribisha Mzee Nongwa aje apimwe koti, bure, kwa heshima ya busara zake. Bure! Mimi sindano tu naomba tangu nianze kazi.

Bibie akamchokoza: shangazi, unatoa koti peke yake, au na wa kulipiga pasi? Mama Fundi akamwambia koma wewe mtoto. Lakini alikuwa anacheka, na baada ya chakula cha mchana alirudi amevaa hereni.

Jumatatu, 10 Februari

Mzee hakutokea kupimwa, bila shaka. Mama Fundi amesema ni unyenyekevu. Ameamua kukata kwa kukisia: mtu mwenye maneno mazito vile lazima awe na mabega mapana. Kwa ndani ameweka bitana ile nyekundu ambayo hata bwana harusi wa mwezi uliopita alinyimwa. Kisha akanivalisha mimi aone mkao. Akazunguka, akaguna, akavuta kitambaa begani. Akasema, na pini zimejaa mdomoni, kwamba hapa Mzee angejaza vizuri, mimi nimekondeana mno.

Ni mimi niliyekuwa ndani ya koti!

Wakati huo huo redio inasema mbunge mmoja amejitetea kwamba kukaa muda mrefu kunaumiza mgongo. Kunaumiza! Njoo ushike pasi, mheshimiwa! Nilitetemeka kwa hasira mpaka pini ikanichoma. Nikaambiwa nitulie, siasa si ya watoto.

Jumatano, 12 Februari

Balaa! Katikati ya kipindi mtangazaji akasema leo tumpigie Mzee Nongwa tumsikie mwenyewe. Redioni simu ikaita. Kwenye meza ya pasi, simu yangu nayo ikaita. Bibie akainua uso kutoka kwenye kucha zake. Mama Fundi akafoka nipeleke makelele yangu nje, anataka kumsikia Mzee.

Nikakimbilia chooni. Nilitaka kukata, kidole kikapokea. Mtangazaji akasema karibu hewani, mzee wetu. Maneno yote yakanitoka kichwani. Nikakohoa. Akasema pole, mzee. Nikakohoa tena, kwa sauti nzito zaidi, nikakata.

Niliporudi Mama Fundi alikuwa ameshika kifua chake. Akasema Mzee anaumwa, na kifua kile si cha kupona leo wala kesho. Bibie akasema anakohoa kama mbuzi aliyemeza soksi. Niliumia. Nilijitahidi sana kwenye kikohozi kile.

Lakini nimeelewa: simu ikiita mara ya pili, nimekwisha. Mzee lazima atangulie mbele ya haki.

Alhamisi, 13 Februari

Mzee Nongwa amefariki. Ujumbe umetoka kwa jirani yake, ambaye ameazima simu ya marehemu. Amekwenda usingizini, bila maumivu, sikutaka ateseke. Neno lake la mwisho lilikuwa kwamba cherehani isiyo na mtu apewe anayesimama. Nilitaka kuongeza, hasa yule wa pasi. Nikaona itazidi.

Mama Fundi alilia. Nilidhani atajifuta macho kidogo aendelee na kazi. Alilia mpaka wateja wakarudi mlangoni. Akauliza Mzee alijuaje habari ya cherehani, kisha akajijibu mwenyewe kwamba moyo huujua moyo mwenzake. Bibie akanitazama. Mimi nikatazama pasi.

Akalitundika koti ukutani, juu ya cherehani ya mumewe. Nilijisikia vibaya. Vibaya sana, mpaka alipovuta shuka. Akasema wanaume wawili wenye akili wameondoka, basi angalau neno la mmoja litimizwe. Akakichukua kiti miguuni mwa Bibie, akanishika mkono, akanikalisha.

Nimekaa! Nimeshona suruali mbili. Mishono imenyooka. Kukaa ni kutamu, sishangai wabunge wanakung'ang'ania.

Naapa, siasa basi. Mzee apumzike.

Jumatatu, 17 Februari

Ningetimiza kiapo. Tatizo ni wabunge.

Asubuhi habari zikasema wamesikia kilio cha wananchi. Posho ya kukaa imefutwa. Badala yake kutakuwa na posho ya kuinuka, kwa kuwa anayechangia hoja hulazimika kuinuka. Kiasi ni kile kile! Nani angenyamaza? Nilijizuia mpaka saa ya chai. Mzee hayupo, jirani si mtu wa siasa. Nikaandika kwa jina la Mjane wa Mzee Nongwa. Ujumbe mkali kuliko yote. Ukasomwa wote.

Cherehani ya Mama Fundi ikanyamaza. Akavua miwani. Akaiuliza redio, si sisi: alikuwa na mke? Bibie akamwambia shangazi, wenye maneno matamu wote wana wake zao nyumbani. Mama Fundi akalishusha koti, akanitupia mapajani, akaniambia niinuke. Nilifumue lote, mpaka bitana. Cherehani ya mume wake haitaendeshwa kwa wosia wa tapeli.

Shuka limerudi. Mkoba wa Bibie umerudi kitini. Naandika haya nimesimama, kwenye meza ya pasi, nyuzi nyekundu zimenijaa mikononi. Dhuluma! Mzee wa watu hakuoa kabisa, sasa anasingiziwa na hawezi kujitetea!

Lakini nimeshapata njia, na safari hii haina kasoro. Kesho atajitokeza dada yake Mzee. Ataeleza kwamba mwanamke yule ni mwongo, kaka yake hakuwahi kuoa, na kila jioni alikuwa akimtajataja fundi mmoja. Ujumbe uko tayari, bado kuutuma tu.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, tafadhali, usimwambie mtu.