Kinyesi cha Kumponya Kaka Polycarp

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku njema, ingawa imeanzia hospitali. Kaka Polycarp bado amelazwa. Utumbo wake mpana umejaa vidonda, anaharisha damu, amekonda mpaka saa inamcheza mkononi. Juzi ameongezewa damu. Dawa zote zimegoma. Leo Daktari Leticia ametuita ndugu na jamaa, akasema kuna tiba wanayoifanyia utafiti: kinyesi cha mtu mwenye afya kinapimwa, kinatayarishwa, kisha kinaingizwa kwa mpira kwenye utumbo wa mgonjwa. Bakteria wazuri wanahamia humo na kutuliza mambo. Si kila mtu anapona, akatuonya. Ikishindikana, utumbo utakatwa.

Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Candida, mke wangu, akaniuliza kama nimeelewa nimejitolea kutoa nini. Nimeelewa! Kaka ndiye aliyenitoa Moshi na kunipa kona ya kuuzia vyombo vya plastiki hapa Kariakoo. Nampenda mno. Halafu ukoo mzima unaniita Elimringi wa Hasara. Sasa watanyamaza.

Jumanne, 5 Agosti

Uwesu naye kajitolea! Uwesu wa vitenge, jirani yangu wa dukani, mtu wa Lindi. Eti kwa sababu hucheza drafti na Kaka. Nikamweleza Daktari kwamba hili ni jambo la familia. Akajibu kuwa utumbo hauulizi ukoo, yeye anataka mwenye afya tu. Tutapimwa wote wawili.

Nimemchunguza Uwesu mchana kutwa. Kala kisamvu, kunde na samaki. Kaswali, kapumzika, kaamka anatabasamu. Hana presha, hana gesi. Inaudhi! Mimi nimekula chipsi mayai, lakini kwa kuaga tu.

Jioni nikapata wazo. Nikapita duka la dawa, nikanunua dozi nzima ya antibayotiki. Nitalisafisha tumbo hadi kwenye kona. Uwesu apeleke choo chake kilichojaa bakteria, mimi nipeleke changu kikiwa safi kabisa. Nimelala na furaha.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya kupeleka sampuli. Muuguzi Moza alikuwa ametugawia vikopo. Vidogo mno! Vya mtu asiyejiamini. Mimi nina duka zima la vyombo, niaibike? Nikachagua hotipoti mpya, yenye maua ubavuni na mfuniko wa kubana.

Mlinzi getini akauliza kama ni chakula cha mgonjwa. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu, sikuwa na nafasi ya kutoa maelezo. Nikasema ndiyo. Akanielekeza wodini pamoja na akina mama wenye uji. Nikaiweka hotipoti mezani kwa Kaka, nikatoka kumtafuta Moza.

Kitanda cha pili yupo Mzee Aristides, hana ndugu Dar. Kaka amezoea kumkaribisha chakula chochote kinacholetwa. Niliporudi, mzee alikuwa ameshanawa mikono, ameshaomba baraka, na anazungusha mfuniko.

Nilipiga kelele wodi nzima ikanyanyuka. Hakuna aliyekula. Narudia, hakuna aliyekula!

Moza akachukua kijiko kidogo tu cha kile nilicholeta, akaniambia kwa upole kwamba kikopo kingetosha. Kaka alicheka hadi akashika tumbo. Sijamsikia akicheka tangu Pasaka. Alikuwa ananicheka mimi, lakini nimefurahi. Candida anauliza hotipoti iko wapi. Nimesema nimewaachia hospitali kama mchango.

Jumatano, 13 Agosti

Maafa. Daktari ametuita mmoja mmoja kwa maswali. Akaniuliza kama nimetumia dawa yoyote hivi karibuni. Nikamweleza kwa fahari usafi wote niliofanya. Akaweka kalamu chini.

Kumbe antibayotiki inaua hao hao bakteria anaowatafuta! Mtu akishaimeza, hafai mpaka ipite kama miezi mitatu. Nikasema basi tusubiri. Akasema utumbo wa Kaka hauwezi kusubiri.

Nikaenda kusimama nyuma ya jengo la kufulia, nikalia. Si kwa sababu ya ukoo. Niliogopa kweli kwamba watamkata Kaka kwa upumbavu wangu. Kisha Uwesu akanifuata huko, akanipa leso yake. Vipimo vyake vyote viko safi. Yeye ndiye mchangiaji. Nikamshukuru, nikapenga kamasi kwa nguvu kwenye leso yake.

Jumatatu, 18 Agosti

Leo Kaka amepata dozi ya kwanza. Uwesu alitoa bila shida, kama mtu anayetoa chenji. Mimi nimejiteua msimamizi. Nampelekea Uwesu kunde kutoka nyumbani, namkataza soda, namuuliza kila asubuhi mambo yamekwendaje. Wateja wanaojua habari hii nawaambia tiba ni ya ushirikiano kati ya duka lake na langu.

Uwesu ameniomba nisiwe namsubiri mlangoni mwa choo. Nimekubali kusogea hadi kwenye ngazi.

Jumapili, 31 Agosti

Kaka ameruhusiwa! Bado anarudi kwa dozi nyingine kila wiki, lakini damu imepungua sana na anapata usingizi. Kaomba kisamvu. Nikamwambia Candida, unaona, ameanza kuwa mtu wa Lindi! Candida akasema mume wake akipandikizwa chochote cha Uwesu, yeye hatalalamika.

Jumamosi, 20 Septemba

Wameingiza kamera, wamekuta vidonda vinafunga. Daktari hataki tushangilie mapema, atamfuatilia miezi mingi. Sisi tumeshangilia. Kaka kaja Kariakoo kwa miguu yake, kala ndizi nyama, kakaa mbele ya duka la Uwesu na kumfunga drafti mbele ya wapagazi wote. Kisha akamshika bega, akamwita mdogo wangu. Mdogo wangu! Nikaumia. Halafu nikamtazama Kaka, mashavu yamerudi, nikaona niumie siku nyingine.

Bahati haikuchelewa. Moza kapiga simu: familia inaombwa ikachangie damu kurudishia ile aliyoongezewa Kaka. Nikajiandikisha wa kwanza, Jumatatu asubuhi. Uwesu aliyekuwa karibu akasema naye atakuja. Hawezi kumuachia mtu kitu, huyu!

Jumapili, 21 Septemba

Candida ananishauri nile kawaida, nilale, niende kama nilivyo. Huo ni ushauri wa mtu asiyejua ushindani. Mimi kitu hiki nakiandaa. Nimekunywa rozela jagi zima, nikashushia juisi ya bitiruti tangu asubuhi mpaka meno yamebadilika rangi.

Sasa hivi nimetoka msalani. Hata mkojo ni mwekundu! Damu imejaa hadi inatafuta pa kutokea. Kesho Moza akianza maswali ya afya wanayoulizwa wachangia damu, hilo ndilo nitakalomtajia la kwanza.